Korosho ziliondoka, hela hazikuja: msimu wa 2018 Newala na Tandahimba

Mwishoni mwa Oktoba 2018, kwenye minada ya kwanza ya korosho mkoani Mtwara, barua za wanunuzi zilifunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima kama utaratibu ulivyotaka. Hakuna bei iliyofika shilingi 3,000 kwa kilo. Wakulima wa Tandahimba na Newala, walio chini ya TANECU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa wilaya hizo, wakasema hawauzi. Msimu uliotangulia kilo moja ilikuwa imeuzwa kwa karibu shilingi 4,000. Watu walikuwa wamejenga, wamenunua pikipiki, na wengine walishakopa wakitegemea bei ya namna hiyo hiyo. Kukataa ilikuwa haki yao, na kwa hesabu waliyokuwa nayo mkononi siku ile lilikuwa jambo la busara.

Serikali ikakaa na wanunuzi, ikatajwa bei isiyopungua 3,000, lakini wanunuzi wakasuasua. Tarehe 10 Novemba Rais Magufuli akawaondoa mawaziri wa kilimo na wa viwanda na biashara. Siku mbili baadaye akatangaza kwamba serikali yenyewe itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kwamba Jeshi la Wananchi litazibeba na kuzisimamia. Malori ya jeshi yakapanda uwanda wa Makonde, zilipo Newala na Tandahimba. Vijijini kulikuwa na shangwe ya kweli, na sioni sababu ya kuibeza leo: kwa mara ya kwanza mkulima mdogo alimwona mkuu wa nchi akimwambia mfanyabiashara mkubwa kwamba bei yako haitoshi.

Halafu Desemba ikapita. Januari ikapita. Wako waliolipwa mapema, wako waliolipwa mwezi wa tatu, wa nne, wa sita, na wako waliokuwa bado wanafuatilia majina yao wakati mikorosho imeshatoa maua ya msimu mwingine.

Mgogoro huu umesimuliwa sana kama habari ya bei. Mimi naona uliwaumiza wakulima zaidi kwa upande wa tarehe. Anayeishi kwa zao moja linalolipa mara moja kwa mwaka anaumizwa na ucheleweshaji kuliko na shilingi mia tano zinazopungua kwenye kilo, na mipango mingi ya maendeleo ya Kusini inakwama kwa sababu wanaoipanga wanalipwa mshahara kila mwisho wa mwezi na hawaioni hesabu hii.

Uwanda usio na mto

Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, kwenye ukingo wa uwanda, mto Ruvuma unauona chini kabisa, na Msumbiji ng'ambo. Juu ya uwanda hakuna mto wala kijito. Udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama mara moja. Maji ya bomba yanasukumwa kutoka bondeni, chanzo kikubwa kikiwa Mitema upande wa Kitangari, na kuyapandisha hadi juu kunahitaji umeme na pampu ambazo kwa miaka mingi hazikutosheleza. Ndiyo maana nyumba nyingi za Newala na Tandahimba zina kisima cha kuvunia maji ya mvua uani, kimechimbwa na kusakafiwa kwa saruji, na mfereji unaotoka kwenye bati.

Mgeni akiona bati jipya anadhani ni fahari. Huku bati ni chombo cha maji. Nyumba ya nyasi haikingi mvua ya kunywa. Familia ikipata hela ya korosho Novemba, inanunua bati na saruji, inawahi mvua za Desemba hadi Aprili, na kiangazi kinachofuata akina mama hawateremki bondeni na madumu wala hawanunui maji kwa ndoo. Hela hiyo hiyo ikiingia Mei, bati litaezekwa jua likiwaka na kisima kitakaa kikavu mpaka mwaka mwingine. Kiasi cha fedha ni kile kile, lakini mwaka mzima wa maji umeshapotea.

Mkorosho nao umeota huku kwa sababu unavumilia ukame na mchanga. Umekuwa zao la Wamakonde, Wamakua na Wayao wa Kusini kwa vizazi kadhaa. Tanzania ilifikisha tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, kisha likaja anguko ambalo wazee wanalikumbuka vizuri. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kwenye vijiji vipya, mikorosho yao ikabaki mbali, haipaliliwi wala haipogolewi. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo. Na ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajafunga. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima ilikuwa inavuna chini ya tani 20,000. Viwanda vya kubangua vilivyokuwa vimejengwa kwa mikopo, zaidi ya 10, vikakosa malighafi; vingi baadaye viligeuka maghala.

Kilichoirudisha korosho ni salfa. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, walionyesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati unazuia ubwiriunga. Na kwa uwanda huu salfa ya unga ina faida nyingine ambayo haitajwi sana: haihitaji maji. Viuatilifu vya kimiminika vinadai maji ya kuchanganyia kwa kila mti, na maji ndiyo hayo ya ndoo.

Kazi yenyewe hufanyika alfajiri. Mtu anabeba pampu ya injini mgongoni, kitambaa usoni, anaingia shambani kabla upepo haujaamka na umande ukiwa bado juu ya majani, ili unga ushike. Anapuliza kuelekea juu, wingu la manjano linaingia kwenye tawi na kushuka taratibu. Jua likipanda anaacha. Macho yanawasha siku nzima. Ushauri uliozoeleka ni kama robo kilo kwa mti kwa kila mzunguko, mizunguko mitano hivi tangu maua yanapochomoza mpaka yafunge. Mzunguko mmoja ukirukwa wakati wa maua hakuna namna ya kuufidia Agosti.

Hesabu ya kaya moja

Niweke mfano wa hesabu, wa kufikirika lakini wa ukubwa unaofahamika huku. Kaya ina ekari tano. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja inabeba miti kama 28, kwa hiyo wana miti 140. Mti kwa mti, kwa wastani wa kilo saba, wanapata kilo 980. Salfa kwa mizunguko mitano ni kilo 175, yaani mifuko saba ya kilo 25.

Wangeuza kwa 2,700, wangepata shilingi 2,646,000 kabla ya makato. Kwa 3,300 wanapata 3,234,000. Tofauti ni shilingi 588,000. Ni hela nyingi, na kwa hiyo hela ndiyo walishangilia.

Sasa ongeza tarehe. Januari mtoto anaingia kidato cha kwanza. Ada ilishafutwa, lakini sare, madaftari, viatu, godoro la bweni na nauli havikufutwa. Februari na Machi ni miezi ya kununua chakula, kwa kuwa mahindi na mihogo mipya bado na ya zamani imekwisha. Mei salfa inatakiwa, na mwaka 2019 hakukuwa na salfa ya bure. Kama malipo hayajaingia, kaya ina njia mbili: kuuza kilichobaki nyumbani kwa bei yoyote, au kukopa kwa ahadi ya korosho za mwaka ujao. Tuseme wameahidi kilo 200 za msimu ujao kwa nusu ya bei ile ya 3,300. Hapo shilingi 330,000 zimeondoka. Tuseme wamepuliza mizunguko miwili badala ya mitano na mavuno yameshuka theluthi moja, kilo kama 320. Kwa bei ya karibu 2,500 iliyokuja kupatikana minadani msimu wa 2019/20, hapo pameondoka shilingi 800,000. Ile nyongeza ya 588,000 imeliwa na ucheleweshaji, na zaidi yake.

Nimeitaja hiyo 2,500 kwa makusudi. Msimu uliofuata serikali ilijitoa, wanunuzi binafsi wakarudi, na wakulima wa maeneo yale yale wakakubali bei iliyokuwa chini ya ile ya juu waliyoikataa mwaka mmoja kabla. Bei ya dunia ilikuwa imeshuka, ni kweli. Lakini mtu aliyetoka kwenye mwaka wa madeni hana nguvu ya kusema hauzi, na mnunuzi aliyekaa mezani analijua hilo.

Kwa nini hela zilichelewa

Sababu ya kwanza ni ya biashara. Korosho ya Tanzania inauzwa zaidi ikiwa ghafi, na inakwenda Vietnam na India kubanguliwa. Ubora wake kwenye soko ni kwamba inatoka Oktoba hadi Januari, wakati mavuno ya Afrika Magharibi yamekwisha na viwanda vinatafuta mali. Dirisha hilo ni la miezi michache. Mwaka 2018 wabanguaji wa Asia walikuwa wameungua kwa kununua ghali msimu uliotangulia, bei ya korosho karanga, yaani iliyobanguliwa, ilikuwa inashuka, na kila wiki iliyopita maghala yakiwa yamejaa Mtwara ilikuwa inasogeza karibu mavuno ya Ivory Coast. Serikali ilinunua kwa bei ya juu katika soko linaloteremka. Januari 2019 ulisainiwa mkataba na kampuni moja ya Kenya wa kuuza tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418 hivi. Haukutekelezwa na ukavunjwa. Korosho zikaendelea kukaa, na korosho ikikaa inapungua uzito na ubora.

Fedha za kuanzia zilitarajiwa kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Kununua mazao ya mikoa kadhaa kwa 3,300 kwa kilo kulihitaji mamia ya mabilioni kwa mkupuo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa stakabadhi na kusubiri mnada, uliotumika kwenye korosho tangu msimu wa 2007/08, ulijengwa kwa wanunuzi wengi wanaolipa mnada kwa mnada. Ulipogeuzwa uwe na mnunuzi mmoja tu, pumzi yake yote ikawa kwenye mfuko mmoja.

Sababu ya pili ndiyo ninayotaka kukaa nayo, maana haihusu Vietnam hata kidogo. Ni uhakiki.

Serikali ilitaka kumlipa mkulima na si mlanguzi. Nia ilikuwa njema. Huku Kusini kuna kangomba: mtu anayenunua korosho kijijini nje ya chama, mara nyingi kwa bakuli badala ya mzani, mara nyingi kabla ya mavuno, na kwa bei ya mtu mwenye shida. Kangomba akipeleka mzigo wake AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, kwa jina lake au la ndugu yake, bei ya 3,300 inamnufaisha yeye. Kwa hiyo waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walitakiwa kuhakikiwa mashamba kabla ya kulipwa. Kamati zikaenda vijijini kuangalia: shamba liko wapi, miti mingapi, inaweza kutoa kilo ngapi.

Mashamba ya uwanda wa Makonde hayasomeki kirahisi hivyo. Mtu ana miti 30 nyuma ya nyumba, 60 aliyorithi kijiji cha pili kwa upande wa mama yake, na 40 aliyokodi kwa msimu kwa mjane ambaye hana nguvu ya kupalilia. Wengine wamewekewa miti rehani. Na kwa kuwa si kila mtu ana akaunti ya benki, kuna kaya ambazo korosho za mama, za kaka na za bibi zote zimeandikwa kwa jina la mmoja mwenye akaunti. Kwenye karatasi huyo anaonekana mlanguzi. Kwa majirani ni mtu wa kuaminika kuliko wote ukoo mzima. Mwenye kukodi hana hati. Alipeana mkono na mwenye miti mbele ya mashahidi wawili, na huko kwao inatosha.

Basi waliochelewa zaidi katika uhakiki walikuwa mchanganyiko: walanguzi wa kweli, wakulima wakubwa kiasi, na watu walioaminiwa na ndugu zao. Wa tatu hao ndio waliobeba aibu, maana kila asubuhi bibi au shangazi anapita kuuliza kama hela yake imeingia, na wewe huna jibu zaidi ya kusema bado. Uaminifu wa namna hiyo hauna fungu kwenye bajeti yoyote, lakini ndio unaofanya AMCOS ya kijiji iende, na mwaka ule ulichubuka.

Na kangomba? Ucheleweshaji ulimpa kazi. Vita dhidi ya kangomba ikipigwa kwa kuchelewesha malipo, anayeshinda ni yule mwenye noti mfukoni leo. Simtetei, bakuli lake ni wizi wa mchana. Ila yupo kwa sababu anajibu swali ambalo chama hakijibu: mtoto anaumwa usiku huu, nani ana shilingi 20,000? Tukiacha swali hilo bila jibu, tutakamata mmoja na mwingine atazaliwa kesho yake.

Fedha za salfa zilivyokwenda

Kuna jambo lilitangulia mnada ule na lilipita bila watu wengi wa nje kulielewa. Korosho ghafi inayosafirishwa nje inatozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinachotozwa. Kwa sheria ya awali asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa irudi kuendeleza zao: pembejeo, miche, utafiti. Juni 2018 Bunge likapitisha mabadiliko, fedha yote iingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walipinga kwa nguvu, wakiwemo wa chama tawala.

Hoja ya Hazina ilikuwa kwamba nchi ni moja na fedha zipangwe pamoja. Ni hoja inayosikika vizuri Dodoma. Lakini ule mfuko ulikuwa ndiyo akiba pekee ya mkulima wa korosho. Hana bima, hana zao la pili la maana, hapati mkopo wa benki asipoweka nyumba rehani. Akiba iliondolewa Juni, soko likaanguka Oktoba, malipo yakakwama Desemba. Kila moja peke yake lingebebeka. Mwaka uleule yote matatu ni mengi mno kwa mtu wa miti 140.

Mwaka 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000. Misimu mitatu iliyofuata haikukaribia kiwango hicho. Hali ya hewa ilichangia, na anguko lilianza kabla ya malori ya jeshi kufika, kwa hiyo sitaubebesha mgogoro mzigo wote. Lakini anayejua mikorosho anajua pia kwamba mti usiopulizwa hautunzi siri.

Walichokuwa wanaweza kufanya tofauti

Ni rahisi kusema leo serikali ingewaachia wanunuzi. Ningekuwa Tandahimba siku ile ningekataa zile barua pia, na ningependa kusikia mtu mwenye nguvu akiwa upande wangu. Kusini ina kumbukumbu: Aprili 2013 huko Liwale watu walichoma nyumba kwa hasira, malipo ya pili ya korosho yalipokuja pungufu ya yaliyotarajiwa. Serikali iliyokaa kimya Oktoba 2018 ingekuwa inacheza na moto.

Lakini kati ya kukaa kimya na kununua kila kitu kulikuwa na njia ya katikati: kufidia tofauti. Kama mnunuzi anatoa 2,700 na serikali inaona haki ni 3,000, ingeongeza shilingi 300 kwa kilo na kumwachia mnunuzi meli, soko na hatari zake. Kwa tani 225,000 hivi za msimu ule, hiyo ni kama shilingi bilioni 67. Ununuzi kamili kwa 3,300 ulikuwa zaidi ya bilioni 740. Bilioni 67 zingeweza kutafutwa ndani ya ule ushuru wa kusafirisha nje wenyewe. Malipo yangetoka Novemba, na uhakiki ungefanywa baadaye, kwa fidia peke yake, bila kumfungia mtu hela yake yote.

Na hata kwa uamuzi uliofanyika, malipo ya awali kwa wote yangepunguza maumivu. Mtu wa kilo 2,000 angelipwa zile 1,500 zisizo na mashaka mara moja, na 500 zikasubiri kamati. Badala yake mzigo wote ulisubiri pamoja.

Tangu wakati ule

Mambo yamesogea, na ni haki kuyataja. Pembejeo zilirudi, kwanza kwa kuchangiwa kupitia zao lenyewe na baadaye bure, na salfa ilipofika kwa wingi miti ilijibu. Oktoba 2024 minada ilianza kuendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Zile barua za kufungua kwa mkono zikaisha, na minada ya kwanza ya TANECU ilivuka shilingi 4,000. Msimu huo wa 2024/25 nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000, rekodi ambayo wazee wa 1974 wasingeiamini. Mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo kutoka India, umeijumuisha Makonde kwa maana ya Newala, Tandahimba na Nanyamba. Maji yakipanda kweli, bati litarudi kuwa bati tu.

Bado naona hofu mbili. Mavuno makubwa namna hii yanamfanya mkulima ategemee korosho zaidi kuliko jana. Mashamba yaliyokuwa na mihogo, mbaazi na njugu kati ya mistari yamefunikwa na vivuli, na chakula kinanunuliwa dukani. Hofu ya pili ni kwamba bei nzuri inasahaulisha. Hakuna anayeuliza habari ya tarehe kilo inapofika 4,000. Wakati wa kuweka kanuni ya malipo ni huu, watu wakiwa wametulia: idadi ya siku kati ya mnada na hela kuingia iandikwe kwenye masharti ya mnada, ibandikwe ukutani AMCOS pamoja na makato yote, na atakayechelewesha, awe mnunuzi, chama kikuu au serikali yenyewe, alipe nyongeza kwa kila wiki. Bila adhabu hiyo, wa kusubiri atabaki kuwa mkulima.

Tumaini langu kubwa liko kwenye kubangua, na sisemi viwanda vikubwa tu. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi zinatoa kilo moja ya karanga, na kila kilo inayosafirishwa na ganda lake inakwenda na kazi ya mtu wa huku. Vikundi vya akina mama wanaobangua kwa mashine za mkono vipo Mtwara na Lindi miaka mingi. Kazi ni ngumu, mafuta ya ganda yanachoma vidole wasipopaka kitu au kuvaa glavu. Ujuzi wanao. Wanachokosa ni mali ghafi baada ya Desemba: mnadani wanashindana na msafirishaji mwenye mkopo wa benki, na hawana mtaji wa kununua tani moja na kuikalia mpaka Machi.

Hapa AMCOS ingeweza kufanya jambo bila kusubiri waraka wa mtu, mradi bodi ya korosho iruhusu. Kila kaya inayotaka iache gunia mbili za kilo 80 kwenye ghala la chama kama hisa yake kwa kikundi cha kubangua, nayo ilipwe baada ya karanga kuuzwa. Kaya 30 zinafanya kilo 4,800, na hizo zinatoa tani moja hivi ya karanga. Hakuna riba, kwa kuwa mtaji ni korosho yenyewe. Sehemu kubwa ya mavuno inaenda mnadani kama kawaida na inalipia shule na bati. Zile gunia mbili zinabaki kijijini na kuwapa akina mama kazi kuanzia Januari, na malipo yake yanaingia Machi na Aprili, mahindi mapya yakiwa bado shambani na salfa ya Mei ikiwa haijanunuliwa.